Primakwini, wafungwa wa Stateville na damu ya watu wa pwani

Kuanzia 1944, kwenye orofa moja ya hospitali ya gereza la Stateville, jimboni Illinois nchini Marekani, wafungwa waliumwa na mbu kwa makusudi. Vita vilikuwa vimepamba moto. Wajapani walikwisha kuiteka Java, na Java ndiko ilikokuwa ikitoka karibu kwinini yote ya dunia. Askari wa Marekani waliopelekwa visiwa vya Pasifiki walikuwa wakiangushwa na malaria kwa maelfu. Kazi ya kutafuta dawa mpya ikakabidhiwa Daktari Alf Alving wa Chuo Kikuu cha Chicago, na mamia ya wafungwa wakatia saini karatasi za kukubali kuambukizwa, kisha kujaribiwa dawa. Baadhi yao walipunguziwa vifungo. Mwaka 1945 jarida la Life lilichapisha picha zao kana kwamba ni mashujaa wa vita. Muda si mrefu, huko Nuremberg, mawakili waliowatetea madaktari wa Hitler waliitaja Stateville mahakamani: kama Wamarekani nao wanawajaribia wafungwa wao dawa, wateja wetu wana kosa gani? Hoja hiyo haikufua dafu, lakini haikuwa ya kipuuzi hata kidogo.

Gereza hilo lina nafasi yake katika historia ya tiba kwa sababu nyingine pia. Huko ndiko lilikopatikana jibu kamili la kwanza kwa swali ambalo wauguzi wa zahanati zetu wanalijua vizuri: kwa nini dawa ileile, kwa dozi ileile, imponye huyu na kumlaza yule? Na kwa nini pengine wanaolazwa waonekane kuwa watu wa asili moja?

Dawa iliyokuwa ikisakwa ilikuwa ya malaria ya vivaksi, ile inayojificha ndani ya ini na kuibuka tena baada ya wiki au miezi. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilikwisha kutengeneza moja katika miaka ya 1920, ikaitwa pamakwini. Iliwafikia vimelea mafichoni, ila haikuchukua muda kuonyesha makucha. Mwaka 1926 taarifa ya tiba ya kampuni ya United Fruit, iliyokuwa na mashamba makubwa ya ndizi Amerika ya Kati, ilieleza wagonjwa ambao damu yao iliharibika baada ya kuimeza. Mkojo uligeuka mweusi, macho yakawa ya manjano, nguvu zikaisha. Miaka ilivyosonga ikaonekana kwamba wanaodhurika mara nyingi ni wenye asili ya Afrika, ya Bara Hindi na ya nchi za kandokando ya Bahari ya Kati. Kwa nini, hakuna aliyejua.

Primakwini ilikuwa mdogo wake pamakwini, yenye makali zaidi kwa vimelea na sumu pungufu kwa binadamu. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, askari walianza kurudi kwao na vivaksi ndani ya ini. Jeshi likaamua wamezeshwe primakwini wakiwa bado melini, miligramu 15 kila siku kwa siku 14. Kwa kuwa pamakwini ilikuwa na historia mbaya, primakwini ilijaribiwa kwanza kwa wafungwa weusi wa Stateville kwa dozi kubwa zaidi, miligramu 30. Wachache wakaishiwa damu ghafla. Ripoti iliyotoka 1952 ilizungumzia sumu ya primakwini kwa Weusi.

Hebu tuitazame ripoti hiyo vizuri, maana kosa lake linarudiwa mpaka leo. Wengi wa wafungwa weusi waliomeza dozi ileile hawakudhurika. Tunajua sasa kwamba kasoro yenyewe inapatikana kwa takriban mwanamume mmoja kati ya kumi miongoni mwa Wamarekani weusi. Hao wengine tisa wangeweza kumeza vidonge vyao na kwenda zao kama mfungwa yeyote mwenye asili ya Ireland. Rangi ya ngozi ilikuwa imemwonyesha daktari upande wa kuangalia, basi. Haikuwa imemweleza chochote.

Jambo la kumsifu Alving na wenzake ni kwamba hawakuridhika na rangi. Walitaka kujua kasoro iko wapi: katika ini linaloichakata dawa, katika figo, au ndani ya damu yenyewe. Jaribio walilolibuni lilikuwa rahisi na la kijasiri. Walichukua chembe nyekundu za mtu anayedhurika, wakazitia alama kwa kromiamu yenye mnururisho ili ziweze kufuatiliwa, wakamwongezea mtu asiyedhurika. Kisha huyo asiyedhurika akapewa primakwini. Chembe za kuazima zikafa, zake zikabaki. Wakageuza upande: chembe za mtu mzima asiye na tatizo ziliwekwa ndani ya mwili wa anayedhurika, dawa ikatolewa, na safari hii wageni walisalimika wakati wenyeji wanateketea. Basi ini halikuwa na hatia, wala figo. Kasoro ilikuwa ndani ya chembe.

Tena haikuwa katika kila chembe. Walipoendelea kumpa mgonjwa primakwini bila kukatiza, damu ilishuka kwa siku kadhaa, kisha ikaacha kushuka na kuanza kupanda huku dawa bado inamezwa. Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, na zilizokuwa zikipasuka ni zile kongwe. Changa zilistahimili. Mwaka 1956, katika jarida la Science, Paul Carson, Alving na wenzao wakataja kinachokosekana: kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD. Kazi yake ni kuiwezesha chembe kujisafisha dhidi ya kemikali zinazoichoma kutoka ndani, na primakwini huzalisha kemikali za aina hiyo. Chembe nyekundu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Hutumia akiba iliyozaliwa nayo mpaka iishe. Kwa mwenye jeni ya aina ya Kiafrika akiba hupungua haraka kadiri chembe inavyozeeka. Kwa mwenye aina ya Bahari ya Kati, hata chembe changa ina kiasi kidogo mno, na ndiyo maana huko ugonjwa huwa mkali zaidi, wakati mwingine kwa kula tu yale maharagwe makubwa ambayo Waarabu huyaita ful.

Jeni ya G6PD imo kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja: akirithi jeni mbovu kwa mama yake, hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, na katika kila chembe moja huzimwa, hivyo anaweza kuwa na damu mchanganyiko, nusu salama na nusu dhaifu.

Mwaka uliofuata, 1957, daktari mmoja wa Seattle, Arno Motulsky, aliandika makala fupi akiyaunganisha mambo yaliyokuwa yametawanyika: primakwini, dawa ya kulegeza misuli kabla ya upasuaji, na mengineyo. Alisema huenda madhara mengi ya dawa yanayoitwa bahati mbaya ni urithi uliokuwa umelala mpaka dawa ilipouamsha. Miaka miwili baadaye Mjerumani Friedrich Vogel akaupa uwanja huo jina, famakojenetiki. Motulsky alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani. Akiwa kijana, mwaka 1939, alikuwa ndani ya St. Louis, meli ya wakimbizi iliyozuiwa kutua Kuba na kurudishwa Ulaya. Mtu aliyenusurika na wale waliopanga binadamu kwa damu ndiye aliyefungua elimu ya jinsi damu zinavyotofautiana mbele ya dawa, na katika maisha yake yote alikuwa mwangalifu sana na neno mbari. Ninamwelewa.

Afrika Mashariki iliingia katika hadithi hii kupitia Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alizunguka Kenya akikusanya damu za watu ili aangalie urithi wa selimundu. Alichokikuta kilimshangaza. Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria na Wamijikenda wa pwani walikuwa nao kwa wingi. Wakikuyu na Wamasai wa nyanda za juu hawakuwa nao ila kwa nadra. Sasa pima mwenyewe: lugha ya Wamijikenda na ya Wakikuyu ni za Kibantu, ilhali Kijaluo ni cha ukoo mwingine kabisa. Kwa kabila, Mmijikenda angefanana na Mkikuyu. Kwa damu alifanana na Mjaluo. Walichoshirikiana wawili hao ni mbu. Mwaka 1954 Allison alichapisha ushahidi kwamba anayebeba jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo jeni hiyo huongezeka pale malaria ilipokithiri.

Mwaka 1960 alifanya vivyo hivyo kwa upungufu wa G6PD, na mchoro ukajirudia: mwingi kwenye nchi za malaria, adimu kwenye baridi ya milimani. Mwaka uliofuata, yeye na David Clyde, mtaalamu wa malaria wa Tanganyika, waliandika kwamba watoto wenye upungufu huo walikuwa na vimelea vichache kuliko wenzao. Chembe dhaifu ni makazi mabaya kwa kimelea. Kwa maneno mengine, malaria yenyewe, kwa kuua watoto kizazi baada ya kizazi, ndiyo iliyowachagulia watu wa pwani na wa ziwani damu isiyoelewana na primakwini.

Ukitaka kuona jinsi kabila linavyoshindwa kueleza mambo haya, nenda Oman. Huko karibu mwanamume mmoja kati ya wanne ana upungufu wa G6PD, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Uchunguzi wa jeni umekuta aina ya Bahari ya Kati ikiongoza, na pamoja nayo ile ya Kiafrika. Hakuna atakayeshangaa miongoni mwa wanaoijua historia ya Maskati, Unguja na Mombasa, ya majahazi, ya ndoa na ya biashara ya watumwa. Familia moja yenye ndugu Sur ya Oman na Ng'ambo ya Unguja inaweza kubeba aina zote mbili. Daktari atakayeandika Mwarabu au Mwafrika kwenye faili atakuwa ameandika tu habari za jina la ukoo.

Sasa tufike penye uchungu. Katika miaka ya 1980 na 1990 klorokwini ilikuwa ikishindwa Afrika Mashariki, na Fansidar iliyoipokea kijiti ikaanza nayo kuyumba. Bill Watkins, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kenya, alipendekeza kuunganisha dawa mbili za zamani na za bei nafuu, kloproguanili na dapsoni. Dapsoni ni ile ya ukoma. Zote mbili hutoka mwilini haraka, kwa hiyo vimelea visingepata muda mrefu wa kujifunza kuzikwepa. Wazo lilikuwa zuri. Chuo Kikuu cha Liverpool, Shirika la Afya Duniani, serikali ya Uingereza na kampuni ya GlaxoSmithKline wakashirikiana, na mwaka 2003 dawa ikasajiliwa Uingereza kwa jina la Lapdap. Ilikusudiwa kwa Afrika hasa, kwa bei ambayo Mwafrika angeimudu. Dawa za namna hiyo zinahesabika.

Tatizo ni dapsoni. Nayo huzalisha kemikali zinazochoma chembe zisizo na G6PD ya kutosha, na hilo halikuwa siri: majaribio yaliyolipima yalichapishwa tangu 1966. Waliobuni Lapdap walilijua. Walihesabu kwamba siku tatu za dozi ni chache, kwamba aina ya Kiafrika ni nyepesi, na kwamba faida ingezidi hasara. Majaribio ya awali hayakuonyesha hatari kubwa, na hapa pana mtego, kwa sababu malaria yenyewe hupunguza damu. Mtoto aliyefika hospitali na damu kidogo, akaondoka na damu kidogo zaidi, anaweza kuhesabiwa kuwa ameathiriwa na ugonjwa.

Mambo yalijulikana ilipotengenezwa dawa mseto yake, Lapdap ikiongezwa dawa nyingine ya malaria, artesuneti, na kupimwa kwa idadi kubwa ya watoto katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo. Safari hii hali ya G6PD ya kila mmoja ilipimwa na damu ikafuatiliwa kwa siku nyingi baada ya dozi. Kwa watoto wenye upungufu, damu ilishuka vibaya, wengine wakahitaji kuongezewa. Februari 2008 dawa mseto hiyo ilisitishwa kabla haijasajiliwa, na Lapdap ikaondolewa sokoni. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika ilikwama kwenye kasoro ya damu iliyoenea Afrika kuliko karibu mahali pengine popote, kasoro iliyogunduliwa miaka 52 kabla kwa kutumia miili ya wafungwa weusi. Sioni ubaya wa nia kwa yeyote katika mkasa huu. Naona watu waliosoma onyo, wakalipunguza makali kwa matumaini.

Upande wa pili wa Atlantiki, kosa la kinyume lilikuwa likifanyika. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha BiDil, dawa ya moyo kushindwa kufanya kazi, kwa ajili ya wagonjwa wanaojitambulisha kuwa weusi. Jaribio lake lilikuwa na wagonjwa 1,050, wote wa kundi hilo, na kweli waliotumia dawa walikufa wachache kuliko waliopewa vidonge bandia. Lakini kama ingewasaidia pia wazungu, jaribio hilo lisingeweza kusema, maana hawakuwemo. Hakuna jeni iliyotajwa, hakuna kimeng'enya. Ilibaki rangi peke yake, imegeuzwa kuwa kigezo cha kuandikia dawa. Stateville walau walianza na rangi wakaishia kwenye chembe.

Na Mwafrika mwenyewe ni nani mbele ya dawa? Chukua kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, kinachogeuza kodeini kuwa mofini mwilini. Nchini Ethiopia karibu watu watatu kati ya kumi wana nakala za ziada za jeni yake, hivyo wanaweza kuigeuza kodeini kwa kasi ya hatari. Zimbabwe, kinyume chake, kuna aina iliyoenea inayokifanya kimeng'enya hicho kiwe kizito. Kipimo cha Mwafrika kingemfaa nani kati ya hao wawili? Tofauti za jeni zilizomo ndani ya bara hili ni nyingi kuliko za bara lingine lolote, na asiyelijua hilo ataendelea kutupangia dozi kwa ramani yenye rangi moja.

Waliotumia dawa za kufubaza VVU katika miaka ya 2000 na 2010 wanaikumbuka efavirenzi bila kuelezwa. Walishauriwa kuimeza usiku kabla ya kulala, kwa sababu ya kizunguzungu na zile ndoto. Dozi ilikuwa miligramu 600 kwa mtu mzima, iwe Boston au Bukoba. Efavirenzi huvunjwavunjwa na kimeng'enya kingine cha ini, CYP2B6, na aina yake ya polepole imeenea sana kusini mwa Sahara. Nchini Zimbabwe, Collen Masimirembwa na wenzake walionyesha mapema kwamba kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wao dawa ilirundikana kwenye damu kupita kiasi, na kwamba dozi ndogo zaidi ingewatosha. Watafiti wa Muhimbili, Addis Ababa na Taasisi ya Karolinska ya Sweden nao waliwalinganisha Watanzania na Waethiopia: Watanzania walikuwa na efavirenzi nyingi zaidi kwenye damu, hata walipolinganishwa watu wenye jeni ya CYP2B6 ya aina moja. Jeni hiyo, kwa hiyo, haikutosha kueleza yote. Chakula, dawa nyingine, jeni nyingine, vyote vinaweza kuwa na mkono.

Waliosema kwamba ndoto hizo ni woga wa mgonjwa wanadaiwa msamaha na watu wengi. Mwaka 2014 jaribio la kimataifa lilithibitisha kuwa miligramu 400 zinafubaza virusi sawasawa na 600. Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi hiyo 2016. Ila haikupata muda wa kuenea, kwani dawa mpya ya VVU, dolutegraviri, ilikuwa inabisha hodi, na kwa walio wengi efavirenzi ikawekwa kando.

Primakwini, kwa upande wake, imerudi kwa kazi tofauti. Mbali na vivaksi, huua zile hatua za kimelea kingine cha malaria, falsiparamu, ambazo mbu huzifyonza na kuzipeleka kwa mtu mwingine. Kwa muda mrefu dozi iliyopendekezwa kwa kazi hiyo ilikuwa miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito, na woga wa upungufu wa G6PD ulifanya isitumike sana Afrika. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishusha dozi hadi miligramu 0.25 kwa kilo, mara moja tu, pamoja na dawa mseto, na kusema kipimo cha G6PD si lazima kwa kiwango hicho. Bagamoyo ni miongoni mwa mahali ambapo usalama wa dozi hiyo ulichunguzwa.

Dawa nyingine ya ukoo huo, tafenokwini, iliidhinishwa Marekani 2018. Huponya vivaksi kwa dozi moja, lakini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, na haipewi mtu mpaka kimeng'enya chake kipimwe na kufikia asilimia 70 ya kawaida. Vipimo vya zamani vya ndiyo au hapana havifai hapo, kwa kuwa mwanamke mwenye damu mchanganyiko hupita kama mzima. Nchi kama Brazil na Ethiopia, zenye vivaksi ya kutosha, zina sababu ya kununua vifaa vya kupima kiasi halisi. Kwetu vivaksi ni adimu, kwa kuwa wengi wetu chembe zetu hazina kile kinachoitwa Duffy, mlango ambao kimelea hicho hupendelea kuingilia, na hilo nalo linahesabiwa kuwa ni kazi ya malaria juu ya damu za wahenga. Kwa hiyo mgonjwa wa Kilwa au Kisumu, akiandikiwa dawa ya ukoo huu, itakuwa ni ile primakwini ya robo miligramu kwa kilo, na atakachoulizwa ni uzito wake.